Kilio cha Upande wa Pili wa Ukuta

Nyumba ya shangazi yangu na ya jirani yake ziliegemea ukuta mmoja, kama nyumba nyingi za Shela, hapa Malindi. Mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule humwombea rehema. Tulijua siku waliyopika samaki wa nazi na siku waliyoshindia chai na mkate, nao walijua zetu. Kwa hiyo kijana wa nyumba ile alinijua kwa sauti kabla hajanijua kwa sura. Alipotaka kuoa alimwambia dada yake, "Niposeeni yule anayecheka."

Sijapata kusikia neno tamu kuliko hilo. Wasichana wengine huchaguliwa kwa rangi, kwa nywele, kwa ukoo. Mimi nilichaguliwa kwa kicheko, tena kilichopenya ukutani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, huko kwetu Muyeye, baba akaoa mke mwingine, na nilipomaliza darasa la saba alinishika mkono akanileta kwa dada yake. "Huyu ni wako sasa," alisema, akanywa kahawa, akaondoka. Shangazi hakuwa na mtoto, na mumewe alikuwa Uarabuni. Alinipokea vizuri. Alinishonea nguo, akanifundisha kusonga ugali na kukuna nazi, na posa ilipokuja yeye ndiye aliyeipokea. Mahari ikasemwa, tukabaki kungoja Ramadhani ipite.

Mchumba wangu alifua mashuka katika hoteli moja ya Watamu. Alirudi kwao kwa baiskeli kila Alhamisi, nami nilimtambua kwa jinsi alivyoegemeza ile baiskeli: polepole, kama anayemlaza mtoto. Nilishakipamba chumba chetu kichwani. Pazia la kijani hapa, mtungi wa maji pale, naye anaingia mikono ikinukia sabuni. Wenzangu walitamani Nairobi, wengine Uarabuni. Mimi nilitamani kuhama mlango mmoja tu, na hilo ndilo nililoliomba katika kila dua.

Sasa nimseme shangazi, na nimseme kwa haki, kwa sababu hakuanza na video. Alianza na sauti ya mumewe. Bwana yule hakuwa mwandishi wa barua. Alijirekodi kwenye kaseti, akampa mtu anayekuja likizo, na kaseti ikifika shangazi aliiweka kwenye redio yake, akajitanda vizuri, akakaa mbele yake kama mgeni. "Hamjambo huko?" sauti ilisema. "Hatujambo, bwana," shangazi alijibu. "Na ule mguu wako?" "Umepoa, alhamdulilahi." Aliirudia kaseti mpaka utepe ukaanza kulia kama kifaranga. Mimi niliona ni mapenzi, na bado naona yalikuwa mapenzi.

Halafu bwana akaleta televisheni na mashine yake ya video, zimefungwa kwa mablanketi kama wagonjwa. Katika kaseti iliyofuatana nazo alisema, "Nimekuletea hii ili usikae mpweke." Hiyo ndiyo kaseti ya mwisho shangazi kuisikiliza hadi mwisho. Zilizofuata zilikaa juu ya kabati, na siku moja nilipomkumbusha alisema, "Yule naye hubadilisha nini? Hamjambo, hamjambo. Nishaijua."

Kanda za picha za Kihindi zilikodishwa katika duka moja karibu na soko. Mwanzo tulitazama siku ya Ijumaa tu, baada ya chakula cha mchana, na majirani watatu wanne walikuja na watoto wao na visahani vya mabumunda. Raha ilikuwa raha. Mimi nilikuwa mfasiri. Kihindi chenyewe sikukijua, lakini nilitazama sana mpaka maneno mengine yakaniingia, na yasiyoniingia niliyatunga. Mwanamke akimkazia macho mumewe, mimi husema, "Anamwambia, nguo ulizovaa nimezifua mimi, na moyo ulionao nimeufua mimi." Wanawake waliguna, wakashika vifua. Nilijisikia mtu.

Ijumaa ikazaa Jumamosi. Kufikia kiangazi ilikuwa kila siku, na siku kanda mpya ikikosekana shangazi aliirudia ya jana. Wali ukaungua, ukaungua tena, mpaka akaacha kupika wali, tukawa watu wa mkate. Alizidi kuchelewesha sala. Macho yake yakawa mekundu, na ukimsemesha alikuangalia mdomoni, kama anayengoja umalize ili mwingine aingie.

Kulikuwa na mama mmoja aliyetuletea mihogo na ndimu kutoka Kakuyuni. Siku hizo shangazi hakutoka tena kumlaki, alipaza sauti tu, "Weka hapo!" Siku moja yule mama hakuweka. Alisimama uani na kikapu kichwani.

"Mwenye nyumba, katoto kangu kadogo kamenitoka. Tumezika juzi."

"Mpe pole," shangazi aliniambia, macho kwenye kioo cha televisheni. Mama yule alisikia. Alitua kikapu, akaketi kwenye kizingiti akapumzika, akanywa maji niliyompa, akaondoka. Jioni picha ilipokwisha shangazi akaniuliza, "Nani alikuwa mlangoni?"

Lakini lililonitisha si kusahau. Lilikuwa ni kupima. Alianza kuwapima watu. Tulikwenda harusini Barani, akarudi akisema bi harusi hajui kuinamisha kichwa. Tulikwenda matangani, na njiani kurudi akasema kwa masikitiko ya kweli, "Yule mama analia kama mtu anayekohoa. Wa kwenye kanda ya juzi alitoa chozi moja tu, likashuka taratibu mpaka hapa." Akajigusa shavuni. "Moja tu, mwanangu. Nikalia mimi mpaka nikaumwa na kichwa."

Kisha ikaja ile picha ndefu ya kanda mbili. Kanda ya kwanza ilihusu mama aliyepotelewa na mwanawe akiwa mchanga. Mama anazeeka, anaajiriwa kufua nguo katika jumba kubwa, na bwana wa jumba hilo ndiye mwanawe, wala hawajuani. Ikaishia mama anaanguka kwenye ngazi, mikono imekumbatia mashati ya mwanawe. Kanda ya pili ilikuwa imechukuliwa na mtu aliyekwenda nayo Mombasa.

Wiki zile shangazi alikuwa kama mtu mwenye mgonjwa. Alinituma dukani asubuhi, akanituma alasiri. Nilimkuta ameketi kitandani akijiuliza kwa sauti, "Lakini atamjuaje? Ana alama gani?" Nilidhani amepata habari za mtu wa ukoo wetu. Majirani nao wakija kuomba chumvi walianza na hilo: "Kanda haijarudi?"

Ikarudi. Ilirudi asubuhi ileile aliyofariki baba wa mchumba wangu.

Mzee alianguka chooni akitia udhu wa alfajiri, na kabla ya adhuhuri alikuwa amezikwa. Kwetu nyumba ikifiwa, mtaa mzima huzima redio. Hakuna anayetangaza, vidole vyenyewe huacha kugusa swichi mpaka matanga yaondoke. Hata maskini mlevi anayepita kichochoroni akiimba hukata wimbo akifika hapo, akapita ameshika viatu mkononi.

Mimi sikukaa kwetu. Nilikwenda kuosha masufuria, kuteka maji, kupakua vyakula. Si desturi mchumba kuzurura nyumba ya mkwe, lakini msiba haukuuliza hayo, na dada wa mchumba wangu, wifi yangu mtarajiwa, alinipa kanga yake kuukuu nijifunge. "Wewe ni wetu," alisema, sauti imemkauka. Katika huzuni ile yote, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Shangazi alikaa matangani siku ya mazishi. Siku ya pili alisema presha imempanda. Baada ya alasiri, wafiwa wamejinyoosha kidogo na msomaji mmoja tu anaendelea na juzuu yake, mtoto akaja kuniita: "Shangazi yako yuataka uende. Hajiwezi."

Nilikimbia na mikono ina masizi. Nikamkuta ameketi mbele ya kioo na majirani watatu, madirisha yamefungwa, mablanketi yametundikwa juu ya mapazia. Joto lilikuwa la tanuri. Picha ilikuwa inakwenda, lakini bila sauti.

"Shangazi!"

"Taratibu! Sauti tumeizima, kwani sisi si Waislamu?" alininong'oneza. "Kanda yarudishwa leo magharibi, watu wamepanga foleni. Keti."

"Shangazi, huko kumefiwa."

"Najua kumefiwa, mimi si mtoto. Maiti ashazikwa. Huyu mama bado." Akanionyesha kioo. "Yuko hospitali, na mwanawe yuko mlangoni, na midomo inacheza, hatuelewi hata kidogo. Tufasirie kidogo tu. Nani alikulea?"

Jirani mmoja akasema, "Mwana, tusitiri. Siku ngapi sisi hatulali?"

Niliketi. Nilisema nitasema maneno matatu niondoke. Nikanong'ona: mwana anauliza huyu mzee ni nani, mganga anasema ni dobi tu. Wakasogea, vichwa vyao karibu na mdomo wangu. Na kwa kuwa sauti haikuwapo, mambo yakawa mabaya zaidi, maana yote yalikuwa yangu. Nilimpa yule mama maneno ambayo sijui yalitoka wapi. Nafikiri yalikuwa maneno niliyotaka mama yangu aniambie. Mama akamshika mwana mkono, nami nikanong'ona, "Mkono huu niliuosha kabla haujajua kushika."

Shangazi akaanza kulia. Hakulia kwa adabu. Alilia kutoka tumboni, mkono mdomoni, kisha mkono ukatoka. Jirani mmoja akafuata, na mwingine, wakawa wanalia sauti juu, "Ooh, mama! Ooh, maskini, aenda! Yuaenda na hakusema!" Niliwaambia wanyamaze, lakini hawakuwa pale tena.

Upande wa pili msomaji alisita, halafu akaendelea.

Yaliyotokea kule niliyajua baadaye. Mjane alikuwa amelala, akainua kichwa. Akauliza ni nani anamlilia mumewe vile siku ya pili, wakati nyumba yenyewe imenyamaza kwa kuchoka. Wakamwambia ni jirani, presha imemkatalia kuja, ndiyo analilia kwake. Mjane akasema maneno mazuri. Alisema, "Kumbe alimpenda hivyo. Mpelekeeni maji yaliyosomewa asije akaanguka naye. Mwambieni ameniliwaza." Mwenyewe hakuweza kutoka, alishaingia edani. Akaja wifi yangu.

Mlango wa uani haukuwa na komeo. Wifi aliingia na bakuli la maji, gizani, hajazoea giza. Alimwona shangazi kwa mgongo tu, mabega yanatikisika. Akapiga magoti nyuma yake, akaweka bakuli chini, akamkumbatia.

"Basi, mama, basi. Inatosha. Baba ametangulia, sote tuko njia hiyo."

Shangazi hakugeuka. Akampigapiga mkono, kama umpigavyo mtoto anayesumbua.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Anakata roho sasa hivi."

Nilimwona wifi akiinua uso. Mwanga wa kioo ulimpiga machoni, machoni mwake nikayaona mashuka ya hospitali, madogo, meupe. Alitazama kwa muda. Akatazama mablanketi madirishani. Akanitazama mimi, mdomo wangu ukiwa wazi, na kanga yake kiunoni.

"Kumbe na wewe ni msomaji," alisema.

Aliokota bakuli lake akatoka nalo, kwa uangalifu, asimwage hata tone.

"Nani huyo?" shangazi aliuliza.

Sikurudi matangani jioni ile. Mtoto alitumwa kuja kuichukua kanga. Nilimpa, nimeifua, haijakauka.

Matanga yalipoondoka na hitima ikasomwa, mjane aliniita. Nilikwenda nikiwa na matumaini, kwa sababu mtu asiyekutaka hakuiti. Nilitunga maneno ya kuomba radhi, nikayapanga vizuri, kama ninavyopanga.

Alikuwa chumba cha ndani, ameketi mkekani, na wanawake sita saba wa ukoo wamemzunguka. Wifi alikuwa kwenye kona akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Keti hapo kati," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye msemaji. Nieleze."

"Nieleze nini, mama?"

"Mume wangu alikufa, na nyumba ya pili akaliliwa mtu mwingine. Nami nataka kumjua. Alikufa nani?"

Nikasema, "Mama, niwie radhi. Mimi niliitwa, nikaambiwa shangazi…"

"Radhi sijaiuliza. Nimeuliza alikufa nani. Anza mwanzo."

Nilitazama wanawake. Hakuna aliyenisaidia. Mmoja alikunja tabasamu, akanong'ona, "Eleza basi, si wajua?" Nikaanza, kwa sauti ya chini, machozi yakinidondoka. Palikuwa na mama aliyepotelewa na mwanawe. Nilisema kwa ufupi. "Usiruke," mjane alisema. "Ulivyowaambia wao." Nikarudi nyuma. Nikasema habari za jumba, za nguo, za mashati. Sauti yangu ilitetemeka, lakini nasikitika kusema kwamba sauti yangu ikitetemeka huwa nzuri zaidi.

Nilipofika mama anapoanguka kwenye ngazi, nilinyamaza kuvuta pumzi. Bibi mmoja mkongwe aliyekuwa karibu na mlango, dada wa damu wa marehemu, akasogeza kichwa mbele.

"Halafu?"

Mjane akamtazama. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Walikuwa wamesogea. Hata wifi, mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo. Katika chumba kile, ambamo joho la marehemu lilikuwa bado limetundikwa msumarini, hakuna aliyekuwa akimkumbuka marehemu wakati huo.

"Mmeona?" mjane alisema. Hakupaza sauti. "Hata hapa. Hata nyinyi." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu alitaka mke anayecheka. Mimi nimekaa nawe nimekuona. Wewe si mbaya. Lakini siwezi kukuweka nyumbani mwangu. Siku nitakapokufa mimi watakaa hivihivi, wakuulize halafu ikawaje. Nenda."

"Mama…"

"Nenda, mwanangu. Umeshanitolea watu msibani mara mbili."

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nilimsikia yule bibi mkongwe akiuliza kwa sauti ya chini, "Lakini alimjua au hakumjua?"

Alhamisi iliyofuata nilimsubiri mchumba wangu njiani, karibu na mahali pa kuchotea maji. Haikuwa adabu, lakini sikuwa na cha kupoteza. Alishuka baiskeli aliponiona. Alikuwa amekonda.

"Wamekueleza?" nikamuuliza.

"Hawana haja ya kunieleza. Nilikuwa nimeketi barazani na wanaume. Nilisikia mwenyewe."

"Wallahi mimi nilikuwa nawanyamazisha."

Akaitazama kengele ya baiskeli. "Unajua nilifanya nini niliposikia kile kilio?" alisema. "Nilifurahi. Kwetu tulikuwa tumechoka, hakuna aliyekuwa na machozi tena. Nikawaambia wale wazee, 'Mnasikia? Hao ni wakwe zangu.' Nilijivuna." Akapanda baiskeli. "Mimi nilijivuna," akarudia, na sikumsikia tena, alikuwa amekwenda.

Mshenga alikuja mwisho wa juma. Mambo yaliyokuwa yamesemwa yakatenguliwa, kwa heshima, kahawa ikanywewa. Shangazi alipokea habari ile akiwa amejipanga, mtandio umekaa vizuri, akatikisa kichwa pale panapotikiswa kichwa. Mshenga alipotoka nilijitupa mkekani nikalia. Sijawahi kulia vile, hata alipokufa mama. Nililia bila aibu, nikijua ukuta unasikia.

Shangazi alikuja akaketi mbele yangu. Nilifikiri atanishika. Hakunishika. Alikaa umbali kidogo, akainamisha kichwa upande mmoja ili anione uso, mdomo wake umefunguka kidogo. Alikuwa ananitazama. Niliujua utazamaji ule, nilikuwa nimeketi kando yake miaka miwili nikiuona. Hata machozi yakaanza kumlenga.

"Usijali," alisema. "Atarudi. Hawa siku zote hurudi. Atakuja siku ya mvua, mama yake keshakufa, apige hodi. Utaona."

"Harudi, shangazi. Posa imevunjwa. Leo, hapa, mbele yako."

"Ndiyo inavyokuwa," alisema, akifuta macho. "Lazima kwanza ivunjwe."

Nililia mpaka nikachoka, na kulia kwangu kulipopungua, kukawa kwikwi tu na kamasi, nilimwona akianza kutazama pembeni. Akainuka, akaenda kutafuta kanda.

Sikuondoka pale. Niende wapi? Baba hakunitaka, na shangazi alihitaji mtu wa kwenda sokoni. Niliacha kufasiri. Nilisema koo linaniuma, nikaendelea kusema hivyo mpaka wakazoea. Wakatazama bila mimi, wakitunga wao wenyewe, na mara nyingine nikiwa jikoni niliwasikia wamekosea, mume wanamwita kaka, ikanichekesha. Bado nacheka. Ni kitu kilichobaki, na sioni kwa nini nikitupe.

Alioa mwaka uliofuata, msichana wa Mambrui. Hatukualikwa, lakini siku ya shughuli nilisikia yote, ngoma na vigelegele, na wanawake wakiimba karibu sana na ukuta, pengine si kwa makusudi. Ilikuwa moja ya harusi za kwanza mtaani petu kupigwa video. Mwanamke alitoka Mombasa na mashine begani. Kanda ile ikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kwa sharti kwamba mwanamume asiione, kwa kuwa wanawake walikuwa hawakujitanda.

Siku moja nikirudi sokoni nilikuta shangazi ameipata. Ameketi mbele yake peke yake, amevuta kigoda karibu kabisa.

"Njoo uone!" alisema, uso wake umechangamka kama zamani. "Njoo uone bi harusi anavyoinamisha kichwa. Huyu ndiye anayejua."

Nilisimama na kikapu. Bi harusi alikuwa amekaa juu ya kiti, amepakwa hina mpaka viwiko, na alikuwa mzuri kweli. Nilimwona wifi akipita na trei. Nilimwona mjane, ametoka eda, ameketi mbele na kanga mpya, anatazama mkono wake. Kisha mlango wa chumba ukafunguliwa, vigelegele vikapanda, na bwana harusi akaingia kumpa mkewe mkono. Amevaa joho. Nadhani lilikuwa la baba yake, lilimpwaya mabegani. Aliinama polepole kuushika ule mkono.

Shangazi alikuwa analia. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni.

"Mtazame huyu kijana," alisema. "Mtazame alivyo mpole. Wallahi, mwanangu, mwanamume kama huyu ndiye ningekutafutia wewe."

Nilingoja. Nilifikiri atageuka, ashike mdomo, akumbuke. Nilingoja mpaka bwana harusi akatoka na wanawake wakaanza tena kuimba. Hakugeuka. Hakuwa anatania wala hakuwa na ubaya wowote. Macho yake yalikuwa pale, na yule aliyekuwa pale alikuwa mtu wa kwenye kanda, na mtu wa kwenye kanda hakuwahi kukaa nyumba ya pili.

"Ni mzuri, shangazi," nikamwambia.

"Eeh," alisema, akinyoosha mkono kuirudisha kanda nyuma. "Hebu sogea kidogo, mwanangu. Umeniziba."

Nikasogea.